Kabla Tsofa Hajafika Chini

Ijumaa hiyo, wanaume wa mtaa wa Kuze wakiwa msikitini na vichochoro vimenyamaza, Bi Lamis alikuwa jikoni ghorofani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Samaki alishatiwa ndimu na chumvi, mchele ulishaoshwa. Alikuwa kwenye kizio cha pili aliposikia sauti huko chini ikipiga hodi.

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa. "Pita, njoo juu."

Alidhani ni Jannat, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila Ijumaa saa kama hiyo huja kuazima kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu chake mwenyewe kilitoboka zamani, na haoni haja ya kununua kingine maadamu Bi Lamis yu hai. Tena mtu akipigiwa hodi hakai akafikiri. Mdomo hujibu wenyewe, kama unavyomwombea rehema mtu aliyepiga chafya.

Akasikia miguu ikipanda ngazi. Akasikia "Yala!" moja, nzito, ya kiume. Kisha hakusikia kitu.

Bi Lamis akangoja kishindo. Alijua lazima kije, kwa sababu alijua ni kidato gani kilichomtoa mtu yala ile. Ngazi ya nyumba yake ni ya mbao, imesimama wima, na inapanda ghorofani kutokea ua wa ndani. Karibu na juu kabisa pana kidato kinachochomolewa. Babu wa marehemu mumewe, Bwana Shee, alikitengeneza hivyo makusudi, ili kichomolewe kila nyumba inapobaki na wanawake peke yao, na mwenye nia mbaya akipanda asiikute njia. Chini ya pengo lile hakuna kitu ila hewa, na chini ya hewa pana sakafu ya mawe. Watu wa nyumba huliruka bila kufikiri. Jannat huliruka, hata paka huliruka. Mgeni asiyejua huambiwa. Hakuna aliyewahi kuanguka, na ukoo mzima ulijivunia jambo hilo, kana kwamba ni akili yao wala si bahati.

Kishindo hakikuja. Bi Lamis akamalizia kizio chake, akapangusa mikono kwa leso, akatoka kwenda kutazama.

Mtu alikuwa hewani. Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, shati la mikono mifupi, amepita katika lile pengo akapinduka, na sasa yuko chini kidogo ya ngazi, kichwa kimeelekea sakafuni na miguu imeelekea dari. Kando yake palikuwa na bisibisi na ndara moja, navyo vimening'inia bila kushikwa na chochote. Vyote vilikuwa vikianguka, ila polepole, kama kivuli kinavyoshuka ukutani. Ukikikodolea macho hakiendi, ukienda zako ukarudi unakuta kimesogea.

"Wafanyani hapo?" Bi Lamis akauliza.

"Naanguka, mama."

"Na ulikuja kufanyani?"

Kijana akafikiri kidogo. "Kuiba," akasema. "Nisamehe."

"Mtu yuaja kuiba, naye yuapiga hodi?"

"Siwezi kuingia nyumba ya watu bila hodi, mama. Sikulelewa hivyo."

Bi Lamis akakasirika. Wizi haukumkasirisha sana, kwa kuwa hakuwa na cha kuibiwa zaidi ya redio na cherehani. Kilichomkasirisha ni kwamba alikwisha kumkaribisha. Akarudi jikoni, akainjika wali, na samaki akamgawa mafungu mawili.

Polisi walikuja alasiri. Wawili wakapanda meza, wakamshika kijana mkanda wa suruali wakamvuta, lakini hakuvutika. Ilikuwa sawa na kuvuta ukuta. Basi wakaandika maelezo yake hapo hapo: jina lake Tsofa, kazi yake kibarua wa kupakia magunia huko Mbaraki, na kazi zilikuwa zimesimama. Katika kesi ya jinai alikiri kosa, akafungwa kifungo kifupi, na kwa kuwa hakuhamishika akakitumikia kulekule hewani. Askari jela aliwekwa mlangoni akawa anasinzia kwenye kiti mpaka kifungo kikaisha. Muda wote huo Bi Lamis ndiye aliyemlisha, amesimama juu ya kigoda na kijiko mkononi. Haja nyingine hazikumjia Tsofa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku askari jela alipokunja kiti chake akaondoka, Tsofa alikuwa bado juu zaidi ya kimo cha mtu. Bi Lamis alidhani mambo ya serikali yamekwisha, imebaki kungoja tu.

Ndipo alipokuja Wakili Stacy. Alikuwa msichana nadhifu, mkoba wa ngozi, viatu visivyopenda mawe ya Kuze. Alimzunguka Tsofa mara moja, akainama kidogo ili amwone uso, akamuuliza swali moja tu.

"Ulipopiga hodi, mwenye nyumba alijibu nini?"

"Alisema karibu," akasema Tsofa, ambaye kuiba alikuwa amejifunza juzijuzi na kusema uongo alikuwa hajaanza. "Alisema pita, njoo juu."

Stacy akamgeukia Bi Lamis. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," akasema Bi Lamis. "Ningesemaje tena?"

Haikupita muda, hati ya madai ikaletwa. Safari hii Tsofa alikuwa mdai na Bi Lamis mdaiwa. Ilisema kwamba mdai hakuwa mtu aliyejiingiza nyumbani kwa watu, bali mgeni aliyeitikiwa na kuitwa juu kwa ulimi wa mwenye nyumba mwenyewe. Ikasema mwenye nyumba ana wajibu wa kuhakikisha mgeni wake haumii, naye alikiondoa kidato kwa mkono wake na hakumwonya. Kwa hiyo alipe fidia ya majeraha yote ambayo mdai atayapata atakapofika chini. Bi Lamis hakuwa na kitu cha kulipia ila nyumba ile.

Akatafuta wakili wake. Akapata Wakili Barnabas, mwenye ofisi huko Tudor, mtu wa bara, mpole, aliyefunga tai mpaka kooni katika joto lote lile. Barnabas alikubali chai, akaitazama ngazi, akaitazama sakafu, akamtazama Tsofa, wakasalimiana.

"Sheria iko hivi, mama," akasema. "Mwizi akikuvamia una haki ya kufunga mlango, kupiga kelele, hata kupigana naye akikupiga. Lakini kumtegea mtego wa kumvunja shingo hata mwizi huruhusiwi. Na mgeni ndiyo kabisa. Mgeni unawajibika kwake kama mtoto wako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shida yetu ni ile karibu yako. Kuanzia leo, mtu akipiga hodi usijibu. Wataleta mashahidi kuonyesha kwamba ndiyo tabia yako."

"Haya," akasema Bi Lamis, ingawa ilimchoma. "Sasa mimi nilikuwa nataka kumtandikia godoro hapo chini."

Wakili Barnabas akaweka kikombe chini. "Usithubutu. Ukitandika godoro umekubali kwamba una wajibu kwake. Na godoro halitamwokoa, mama, litapunguza tu. Avunjike bega badala ya shingo, tulipe bega. Bila godoro tuna nafasi ya kushinda kesi nzima tusilipe kitu."

"Na shingo?"

"Shingo ni yake," akasema wakili, kwa upole uleule.

Wakili Stacy naye alikuwa na hofu yake. Mdai akitandikiwa godoro, jeraha litapungua, na fidia itapungua nalo. Akaenda mahakamani akaomba amri kwamba kila kitu kibaki kama kilivyo mpaka kesi iamuliwe: kidato kisirudishwe, na juu ya sakafu kisitandikwe godoro, mkeka, nguo wala kitu kingine chochote cha kuilainisha, kwa kuwa sakafu ile ni ushahidi. Wakili Barnabas hakupinga. Katika kesi nzima hilo ndilo jambo pekee ambalo mawakili wale wawili waliafikiana, nalo lilikuwa ugumu wa sakafu.

Amri ikabandikwa ukutani, usawa wa macho ya Tsofa. Aliisoma akiwa kichwa chini miguu juu, na alipomaliza akauliza, "Kwani godoro lipo?"

"Lipo juu," akasema Bi Lamis. "La sufi. La marehemu."

"Sufi ni nzuri," akasema Tsofa, na hawakulizungumza tena siku hiyo.

Bi Lamis akashika shauri la wakili wake. Watu wakipiga hodi, haitikii. Huinuka, hushuka ngazi, huruka pengo, huchungulia mlangoni, kisha hufungua kimya kimya kama mtu aliyekatwa ulimi. Kuze wakaanza kusema Bi Lamis amepata kiburi. Jannat akanuna, ingawa hakuacha kuja kuazima kifumbu.

Siku moja asubuhi ikapigwa hodi ya mwanamke, sauti ya mtu aliyetembea mbali. Bi Lamis akanyamaza. Ikapigwa ya pili. Ya tatu ilipokuja, ilikuja kwa unyonge mno hata Bi Lamis akaona haya mbele ya kuta zake mwenyewe.

"Karibu," akasema, na moyo ukamdunda kama aliyeiba.

Alikuwa Mbeyu, mamake Tsofa, mpishi wa shule moja ya Tudor, amejitanda leso na kushika mfuko wa mihogo. Akamsalimu mwenye nyumba kwanza, kama ipasavyo. Akauliza hali, akauliza afya, akampa mihogo. Ndipo akamtazama mwanawe.

"Tsofa."

"Mama."

"Waanguka hivyo tangu lini bila kuniambia?"

"Nilikuwa naona haya."

Mbeyu akaketi sakafuni chini yake, akalia kidogo, akapangusa macho. "Lakini alipiga hodi, dada," akamwambia Bi Lamis. "Nimesikia alipiga hodi."

"Alipiga," akasema Bi Lamis. "Hodi ya adabu kabisa. Umelea."

Tangu siku hiyo Mbeyu akawa anakuja kila anapotoka kazini. Mmoja hushika sahani, mwingine kijiko. Ramadhani ilipoingia, Tsofa, ambaye ni Mkristo, alikataa kula mchana akisema haifai kumlia mwenye nyumba aliyefunga. Ikawa wanangoja adhana wote watatu, wakifungua kwa tende, na za Tsofa zikitolewa kokwa kwanza asije akapaliwa.

Kesi ilikuwa ikienda kwa mwendo wa kesi. Mara faili liko mahakama nyingine, mara hakimu yuko likizo. Hakimu akahamishwa, akaja mwingine akataka kuanza upya. Wakili Stacy akaugua homa, na alipopona Wakili Barnabas alikuwa na kesi Voi. Kila ilipoahirishwa mawakili walipeana mkono, na kila waliposhikana mikono Tsofa alikuwa chini zaidi. Kichwa chake kilipita kidaka cha taa, kikapita kitasa cha mlango, kikapita mfereji wa kunawia. Kigoda kikawa hakihitajiki tena. Jannat, aliyekuwa akipita chini yake wima, akaanza kumzunguka.

Bi Lamis alikonda. Kila asubuhi akitoka kuswali aliingiza mkono baina ya kichwa cha Tsofa na sakafu, apime. Mwanzo aliingiza mkono mzima umesimama, baadaye mpaka kiwiko tu, baadaye shubiri. Mchukuzi akiangusha kreti huko nje, alishtuka akashika ukuta. Alisikiliza akipika, alisikiliza akishona, alisikiliza hata anapozungumza na watu, mpaka wakadhani hawasikii. Aliogopa. Aliiogopea nyumba na akaiogopea shingo, na siku nyingine hakujua anakiogopea kipi zaidi. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, na hakumwambia mtu.

Jioni moja Mbeyu alimwambia, "Dada, tulitandike tu."

"Na amri?"

"Amri nimeiona. Wakili wetu yuasema tukitandika, korti itakasirika, tukose na tulichokuwa tupewe. Akiumia bila pesa nitamuuguza na nini, mimi mpishi?" Akaitazama sakafu. "Mimi nimeshasema tulitandike, kisha nimeshaogopa. Sema wewe."

Bi Lamis alitazama ngazi. Godoro lilikuwa juu, limeviringishwa, limefunikwa shuka safi. Alikuwa akilitazama kila siku. "Wakili wangu naye yuasema ni kuikabidhi nyumba," akajibu.

Tsofa alikuwa akiwasikia, maana alikuwa karibu mno asiweze kutowasikia. "Msigombane," akasema. "Huenda kesi ikaisha kwanza."

Siku ya kusikilizwa ilipofika kweli, mahakama ilikuja nyumbani, kwa kuwa mdai hakuweza kwenda. Viti vya plastiki vilikodiwa kwa wapishi wa harusi, vikapangwa uani. Akaja hakimu, mtu mzima mwenye miwani, karani wake, askari mmoja, na mawakili wote wawili. Bi Lamis aliletewa kiti nyumbani mwake mwenyewe akaonyeshwa pa kukaa. Kichwa cha Tsofa kilikuwa kimebakisha upana wa kiganja kufika kwenye jiwe.

Wakili Stacy akamhoji Bi Lamis. Ulisikia hodi? Nilisikia. Ukasema karibu? Nikasema. Ukamwita juu? Nikamwita. Ulijua kidato hakipo? Nalikichomoa mwenyewe. Ulimwonya? Bi Lamis akasema yule aliyemdhania hahitaji kuonywa.

Wakili Barnabas akasimama akauliza kama angesema karibu lau angejua ni mwizi. Bi Lamis akasema hajui, kwa sababu hajawahi kupigiwa hodi na mwizi anayejulikana. Barnabas akaketi.

Hakimu akainama kwenye kiti ili amwone mdai. "Wewe uliingia nyumba hii kama nani? Mwizi au mgeni?"

"Niliingia kama mwizi, mheshimiwa," akasema Tsofa. "Nikakaribishwa kama mgeni."

Hakimu akaandika, akasoma alichoandika, akavua miwani. Akasema mahakama imeridhika na ushahidi, ila haiwezi kukadiria jeraha ambalo halijatokea. Kwa jinsi anavyoona ni suala la mchana huu tu. Badala ya kuahirisha na kuwasumbua watu tena, mahakama itangoja.

Basi wakangoja. Karani akatoa njugu mfukoni akawapitishia wenzake. Hakimu akauliza ngazi ile ni mbao ya nini, akaambiwa. Mbeyu akajivua leso ya mabegani, akaikunja mara nne, akapiga magoti aisukume chini ya kichwa cha mwanawe. Askari akamshika mkono taratibu. "Amri ya mahakama, mama," akasema, na hakimu akampa pole.

Bi Lamis akainuka. "Nawaletea chai wageni," akasema, akapanda juu, akaliruka pengo.

Alibandika birika. Aliwasha jiko, ili moto usikike. Kisha akaingia chumbani, akalikumbatia godoro la sufi na kuliburura mpaka kwenye kilele cha ngazi. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Akatazama chini, akaona kwenye kidato cha mwisho ameketi yule askari, mgongo wake umejaa ngazi yote. Akishuka nalo atazuiwa. Akitazama katika pengo, uso wa Tsofa ulikuwa chini yake moja kwa moja, umegeukia juu upande, na macho yao yakakutana. Tsofa akatikisa kichwa, na nywele zake zikagusa jiwe.

Bi Lamis akalikunja godoro mara mbili, akalisukuma katika pengo kwa magoti na kifua.

Godoro likapita, likakunjuka, likakaa hewani.

Alijua. Aliiona bisibisi kila siku, aliiona ile ndara. Alijua kwamba chochote kinachopita pale huanguka kwa mwendo wa pale. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na alilisahau kwa haraka ya mtu aliyechelewa zaidi ya mwaka mzima. Akanyoosha mkono alisukume lishuke, akavuta, akaling'ang'ania. Ilikuwa sawa na kusukuma ukuta.

Hakimu akainua macho, akaamuru liandikwe kwenye kumbukumbu.

Kisha Tsofa akafika. Kichwa kiligusa jiwe kwa upole, kama mtu anayejilaza, na baada ya hapo uzito wote wa mwanguko ukaja kwa pamoja. Kishindo kile kilitikisa milango ya Kuze, na huko kwa Jannat vikombe vikaanguka kabatini. Wakili Barnabas akatazama saa yake. Wakili Stacy akaandika. Mbeyu akapiga ukelele mmoja, na birika huko juu ikawa inachemka bila mtu.

Hukumu ilisomwa baadaye, Tsofa akiwa hospitali. Mahakama iliona kwamba karibu ikishatamkwa ni karibu. Mwenye nyumba ana haki ya kujilinda, lakini hawezi kumwita mtu juu na hapohapo kumwachia shimo njiani. Iliona pia kwamba mdai alikuwa na bisibisi, kwa hiyo lawama zigawanywe nusu kwa nusu. Kuhusu godoro, mahakama iliona kwamba kitendo cha mdaiwa kulitupa kinaonyesha wazi alijua tangu mwanzo ana wajibu wa kumlinda mdai asiumie, na alipolitupa alikuwa amechelewa. Wakili Barnabas alimkumbusha mteja wake, bila kumsuta, kwamba alimwonya.

Nyumba ikauzwa. Mawakili wakatoa chao, hospitali ikatoa chake, na kilichosalia kilimfikisha Tsofa kitandani kwa mamake Tudor, kikaishia hapo. Shingo ilikuwa imevunjika. Alizungumza vizuri, alikula vizuri akilishwa, ila kuanzia mabegani kushuka chini hakuhisi kitu.

Bi Lamis naye alipanga chumba Tudor, mlango wa pili kutoka kwa Mbeyu. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alitengeneza achari akauza. Mbeyu akienda shuleni kupika, yeye humgeuza Tsofa ubavu, humfuta uso, humlisha. Mbeyu hakuwahi kumwambia una makosa, wala hakuwahi kumwambia huna.

Nyumba ya Kuze ilinunuliwa na mtu anayeitwa Ken, akaifanya ya kulaza wageni wa likizo. Kidato alikirudisha akakipigilia misumari. Godoro lilikuwa bado hewani juu ya ua, kwa hiyo akawa anawaambia wageni waangalie vichwa, nao wakawa wanainama. Mmoja aliuliza kwa nini lipo pale. Ken akasema ni la mwenyewe wa zamani, yuaja kulichukua.

Likafika zaidi ya mwaka baadaye, kwa kishindo kilichopasua jiwe moja la sakafu. Ken hakudai kitu kwa jiwe. Alipiga simu tu.

"Bi Lamis, godoro lako limefika. Lachukua nafasi."

Wakaenda wawili, yeye na Mbeyu, wakakodi mkokoteni. Halikuwa na doa. Sufi yake ilikuwa imeumuka kwa kukaa na hewa siku zote zile, na mwenye mkokoteni akasema magodoro kama haya siku hizi hayapatikani. Walifika nalo Tudor jua halijazama. Wakatoa sponji nyembamba aliyokuwa akilalia Tsofa, wakalitandika godoro, wakalivuta shuka pembe zote. Wakamwinua, mmoja mabegani na mmoja miguuni, wakamlaza juu yake katikati, wakampangusa jasho.

Tsofa alikuwa anatazama dari. Akangoja kidogo.

"Mama," akauliza, "mbona hamlitandiki?"

"Tushatandika, mwanangu," akasema Bi Lamis.